Pikapu ya gavana: wahamiaji wakisemwa kwenye kampeni za majimbo ya Marekani, nani hasa anabanwa?

Mwaka 2018 kule Georgia kuna jamaa anaitwa Brian Kemp alikuwa anautaka ugavana, akatoa tangazo la TV ambalo hata aliyelichukia hajalisahau. Kuna mlipuko, kuna bunduki, kuna msumeno wa injini unanguruma, mwishoni inakuja pikapu kubwa na mwenyewe anasema hiyo ipo tayari, ikibidi atawakusanya mwenyewe wahamiaji wahalifu wasio na makaratasi awarudishe makwao. Wapo waliocheka na wapo waliokasirika, ila mchujo wa Republican akaupita na Novemba akawa gavana, kamzidi Stacey Abrams kwa kura kama 55,000 hivi.

Sasa swali langu huwa moja tu, amepakia wangapi kwenye ile pikapu?

Hapakii mtu, kwa sababu gavana wa jimbo la Marekani hana mamlaka ya kumtoa mtu nchini. Viza, grinikadi, uraia, hifadhi, kumrudisha mtu kwao, vyote hivyo viko Washington kwa serikali kuu, na Mahakama ya Juu imekuwa ikilisema hilo tangu miaka ya 1870 pale California ilipotaka kujiamulia yenyewe abiria gani kutoka China washuke melini na nani wasishuke. Sisi tuliotoka nchi ambazo polisi na uhamiaji wote wanamsikiliza bosi mmoja, hapo ndo panatuchanganya. We ichukulie Marekani kama nyumba ya kupanga yenye vyumba 50, kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake lakini ufunguo wa geti anao mwenye nyumba peke yake. Mpangaji akisimama akaahidi kwamba yeye atafunga geti, anaahidi kitu cha mwenzake. Anachoweza kufanya kweli ni kukaa koridoni na kuanza kuuliza kila anayepita, we nani, unaenda wapi, unaishi chumba gani.

Na hiyo koridoni ndo habari yote ilipo. Jimbo linashika polisi, masherifu (wakuu wa polisi wa kaunti), shule, hospitali, leseni za udereva, misaada kwa wasio na kitu, na daftari la wapiga kura. Ni vitu vinavyomgusa kila anayeishi pale, awe raia wa tangu mababu, awe mwenye grinikadi, awe mzamiaji. Kwahiyo kampeni ya jimbo ikishinda kwa kuwasema wahamiaji, lazima ahadi itafute pa kutokea, na inatokea kwenye hivyo vitu, alafu usoni mwa mtu hakujaandikwa uraia wake. Ukitaka kumpata mmoja asiye na makaratasi inabidi uwasumbue kumi walio nayo.

Kuna wanaodhani hizi kelele zote ni ubaguzi mtupu, mi siendi huko moja kwa moja. Kuna hesabu halisi pale. Mhamiaji akifanya kazi kodi kubwa inaenda Washington, lakini mtoto wake anasoma shule inayolipiwa na jimbo na kaunti, na akiugua usiku anaenda hospitali ya kaunti. Hiyo ni kero ya kweli na mwanasiasa yeyote angeisema. Tatizo ni kwamba ni rahisi sana kuisema kwa sababu wanaosemwa hawapigi kura, yaani unamtukana mtu ambaye hawezi kukunyima kitu. Mwaka huu wa 2026 peke yake majimbo 36 yanachagua magavana mwezi Novemba, fungua TV usikie.

Tuanze na California maana ndo ilifungua hii njia. Mwaka 1993 gavana Pete Wilson alikuwa hoi, viwanda vya ndege na silaha vimefungwa baada ya vita baridi kwisha, watu hawana kazi, tafiti za maoni zinaonyesha anapigwa kwa zaidi ya pointi 20 na mpinzani wake Kathleen Brown. Akatafuta kamba ya kushika akaipata San Ysidro, mpakani na Mexico. Tangazo lake lilionyesha picha nyeusi na nyeupe za watu wanakimbia katikati ya magari kwenye barabara kuu, na sauti nzito inasema wanazidi kuja. Huyu Wilson, ili ujue siasa ilivyo, mwaka 1986 akiwa seneta ndiye aliyepigania wenye mashamba wa California wapatiwe vibarua kutoka nje. Miaka minane baadae vibarua walewale wamekuwa mafuriko.

Sambamba na uchaguzi wake kulikuwa na pendekezo namba 187 la kupigiwa kura na wananchi, wenyewe waliliita Okoa Jimbo Letu, ambalo kifupi chake kwa Kiingereza ni SOS, ile ishara ya meli inayozama. Lilisema asiye na makaratasi asisome shule ya umma, asitibiwe hospitali ya umma isipokuwa dharura, na kubwa zaidi, mwalimu, nesi na polisi wakimshuku mtu wapeleke jina lake serikalini. Rudia hapo. Mwalimu amshuku mwanafunzi wake. Kwa kigezo gani? Jina? Lafudhi ya mama yake alipokuja kumchukua? Sheria haikusema, na haikuweza kusema, maana kigezo chochote utakachotaja kitamkamata na mtoto aliyezaliwa hapohapo Los Angeles.

Oktoba 1994 watu kama 70,000 waliandamana Los Angeles, na wanafunzi wakatoka madarasani shule baada ya shule. Mwezi uliofuata pendekezo likapita kwa asilimia 59 hivi na Wilson akashinda kwa raha. Halafu likaenda kufia mahakamani. Jaji Mariana Pfaelzer alilizuia karibu lote, 1997 akasema linavunja katiba, na 1999 gavana mpya Gray Davis akakubali yaishe bila rufaa kuendelea.

Sababu mojawapo ya kufa ni kesi ya Texas ya mwaka 1982 ambayo kila mzazi wa kihamiaji angepaswa kuijua. Mji mdogo unaitwa Tyler ulitaka watoto wasio na makaratasi walipe ada ya dola 1,000 kwa mwaka kwenye shule ambazo wenzao wanasoma bure. Mahakama ya Juu ikasema hapana, kura 5 kwa 4, na hoja ilikaa kwenye neno moja tu. Marekebisho ya 14 ya katiba yao, ya mwaka 1868, yanasema jimbo lisimnyime MTU yeyote ulinzi sawa wa sheria, hayakusema raia yeyote. Haya ndo maneno ambayo watu wengi hawayajui, hata Wamarekani wenyewe, wanadhani haki za katiba zinatolewa na uhamiaji pamoja na grinikadi. Haki ya kupiga kura hiyo kweli ni ya raia. Lakini kutopekuliwa ovyo, kusikilizwa mahakamani, kusema unachotaka, kutobaguliwa na sheria, hizo kwa sehemu kubwa anazo hata aliyeingia bila makaratasi na anaishi humo nchini.

Yaliyofuata California watu wanapenda kuyasimulia kama kisasi. Walatino, yaani watu wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kilatini, kwa maelfu walikimbilia kuchukua uraia ili wapige kura, vijana waliotoka madarasani wakaingia siasa, Alex Padilla mwenyewe anasema hiyo 187 ndo ilimtoa kwenye uinjinia na leo ni seneta, na tangu Wilson aondoke Mrepublican pekee aliyekalia kiti cha ugavana ni Arnold Schwarzenegger. Mi naona hiyo ni nusu ya stori, California ilikuwa inabadilika tu hata bila Wilson. Ila nusu hiyo ipo.

Kuna kitu kingine kilitokea mwaka huohuo ambacho kinatupeleka Arizona. Washington ilikaza mpaka upande wa San Diego mwaka 1994, mwaka mmoja kabla ilishakaza El Paso, na watu hawakuacha kuja, walihamia katikati, kwenye jangwa la Sonora. Kwahiyo miaka ya 2000 Arizona ikabeba mzigo ambao wengine waliusukuma. Ni kama jirani akizibua mtaro wake maji yakaja kwako. Hasira za watu wa Arizona zilikuwa na mzizi, hilo tulikubali.

Gavana Jan Brewer aliingia Januari 2009 bila kuchaguliwa, aliyekuwepo Janet Napolitano aliitwa na Obama kwenda kuongoza wizara ya usalama wa ndani. Mwanzoni mwa 2010 chama chake chenyewe kilikuwa kinamuangalia kwa jicho baya kwa sababu alitaka kuongeza kodi. Machi mwaka huo mfugaji mmoja akapigwa risasi shambani kwake karibu na Douglas, mpakani kabisa, watu wakawashuku waliovuka mpaka, na jimbo likawaka. Tarehe 23 Aprili Brewer akasaini sheria iitwayo SB 1070, iliyoletwa na seneta wa jimbo Russell Pearce wa Mesa. Hakukawia, wapinzani wake wa mchujo wakaanza kufunga virago.

Hii sheria ndo waliyoibatiza jina la onyesha makaratasi. Ilisema polisi akimsimamisha mtu kihalali kwa kosa lolote, hata taa ya gari, akipata shaka ya msingi kwamba huyu hana ruhusa ya kuwepo nchini, lazima amchunguze. Na mgeni asiyetembea na makaratasi yake anakuwa mhalifu wa jimbo, na kutafuta kazi bila kibali nako ni jinai ya jimbo.

Najua Mkenya au Mtanzania akisoma hapo anajiuliza sasa shida iko wapi, mbona sisi tunaulizwa vitambulisho kila kona. Kenya hata neno kipande lilianzia kwa mkoloni, Mwafrika anavalishwa shingoni kama kengele ya ng'ombe, na mkoloni akaondoka kipande kikabaki. Marekani haina hicho kitu. Hakuna kitambulisho cha taifa na hakuna sheria inayomtaka raia atembee na karatasi yoyote inayoonyesha yeye ni raia. Asiye raia ndo anatakiwa na sheria ya Washington ya tangu 1952 abebe ya kwake. Sasa fikiria polisi amekutana na watu wawili njiani, wote hawana kitu mfukoni. Mmoja ni raia ambaye halazimiki kuwa na kitu, mwingine ni mgeni anayelazimika. Atawatofautishaje? Brewer aliulizwa swali hilohilo siku anasaini, kwamba mhamiaji haramu anafananaje, akajibu hajui. Jibu la kweli kabisa, labda kuliko yote aliyotoa mwaka ule. Ila video ya kuwafundisha polisi wa Arizona ikabidi itaje dalili, na zikatajwa, pamoja na mavazi na kutokujua Kiingereza vizuri. Leseni ya udereva ya Arizona ilikubalika kama ushahidi tosha, kwahiyo somo walilolipata Walatino wa Phoenix ni jepesi, usitoke hata kwenda dukani bila leseni. Jirani yao mzungu hakupata somo hilo. Hapo ndo haki ya raia inapopungua bila mtu kuandika popote kwamba imepunguzwa.

Na maneno yakawa yanapanda bei. Juni 2010 Brewer akasema polisi wameokota jangwani maiti zilizokatwa vichwa. Madaktari wanaochunguza maiti kwenye kaunti za mpakani wakasema hawajaletewa hata moja ya hivyo. Tarehe 1 Septemba kwenye mdahalo akapotelewa na maneno hewani, sekunde zinakwenda yeye kimya anaangalia makaratasi yake, baada ya mdahalo waandishi wakambana na habari ya vichwa akageuka akaondoka, siku mbili tatu baadae akakubali alikosea. Novemba akashinda kwa asilimia 54. Wakati wote huo takwimu za FBI zilikuwa zinaonyesha uhalifu wa mabavu Arizona unashuka.

Mahakama ya Juu ilikuja kuikata hiyo sheria tarehe 25 Juni 2012. Vipengele vitatu nje, jimbo haliwezi kujitungia jinai zake za uhamiaji. Kile cha polisi kuuliza kikabaki, kwa onyo kwamba mtu asije akashikiliwa muda mrefu kisa tu wanasubiri majibu ya uhamiaji. Miaka minne baadae mwanasheria mkuu wa Arizona katika kumalizana na walioshtaki akatoa mwongozo uliokitoa meno. Pearce mwenyewe wapiga kura wake walimrudisha nyumbani Novemba 2011 kabla muda haujaisha, wakamchagua Mrepublican mwenzake mpole, haijawahi kutokea kwa mbunge wa jimbo lile.

Lakini bili ilibaki. Kaunti ya Maricopa, ndo iliyobeba Phoenix, ilikuwa na sherifu anaitwa Joe Arpaio aliyekaa kuanzia 1993, na katikati ya miaka ya 2000 naye akaanza kushinda kwa wimbo huohuo. Vijana wake walikuwa wanafanya misako mitaani, wanasimamisha magari ya Walatino kwa visingizio vidogovidogo. Walioshtaki hawakuwa wazamiaji, mmoja alikuwa abiria tu mwenye viza halali ya utalii, wengine raia wa Marekani. Mei 2013 jaji akasema huo ni ubaguzi unaovunja katiba, akaweka wasimamizi wa kuiangalia ofisi ya sherifu, na kwa hesabu za kaunti yenyewe kesi hiyo imeshawala walipa kodi wa Maricopa zaidi ya dola milioni 200. Wanaolipa ni walewale waliompigia kura na waliomnyima, wote.

Alabama nitapita haraka maana yenyewe ni kichekesho. 2011 walitunga kali kuliko ya Arizona, mpaka shule ziulize uraia wa watoto, na Jumatatu moja ya Oktoba watoto wa Kilatino zaidi ya 2,000 hawakutokea darasani, wengi wao wamezaliwa hapohapo Alabama. Nyanya zikaozea shambani. Novemba polisi wa Tuscaloosa wakasimamisha gari la kukodi ambalo namba yake ina kasoro, dereva hana leseni wala pasipoti mkononi, ana kitambulisho tu cha Ujerumani, wakambeba. Kumbe ni meneja wa Mercedes, kampuni yenye kiwanda kikubwa palepale jirani ambacho jimbo lilikibembeleza kwa mamilioni kije. Kesi ikafutwa chapchap. Hakuna aliyemlenga Mjerumani, sheria ilifanya tu kazi yake bila kuchagua, na nadhani hicho ndo kiliwashtua wenye sheria.

Twende Kansas. Huko ndo naona jambo lenyewe liko uchi, na wengi wetu hatulifuatilii kwa sababu halina polisi wala pingu.

Kris Kobach ni mwanasheria, aliwahi kuwa profesa, na ndiye aliyesaidia kuandika ile ya Arizona na hii ya Alabama. Mwaka 2010 akagombea kwao Kansas nafasi ya katibu wa jimbo, ofisi inayosimamia uchaguzi, na kampeni yake ikawa moja tu, wageni wanatupigia kura. Kansas iko katikati ya nchi kabisa, haina mpaka na Mexico wala bahari. Akashinda. Ikatungwa sheria kwamba kuanzia 2013 anayejiandikisha kwa mara ya kwanza alete cheti cha kuzaliwa, pasipoti au karatasi nyingine ya kuonyesha uraia, bila hivyo jina halikai kwenye daftari. Ukisikia haraka utaona ni sawa tu, kwani kura si ya raia?

Matokeo yake watu 31,089 walizuiwa, karibu asilimia 12 ya waliojiandikisha. Karibu wote raia. Wengi vijana, wengi watu wasio na chama, watu ambao walienda kuchukua leseni wakatia alama kwenye kiboksi cha kura wakadhani wamemaliza. Mmoja wa walioshtaki alizaliwa kwenye kambi ya jeshi la anga ambayo ilishafungwa, kukipata cheti chake ikawa safari ya miaka. Kesi ikasikilizwa 2018, Kobach akajitetea mwenyewe mahakamani, na alipotakiwa aonyeshe wageni waliomo kwenye daftari ushahidi wote ukazaa watu 39 tu wasio raia waliofanikiwa kujiandikisha, na hao ni kwa takriban miaka 19. Yeye alikuwa anasema hiyo ni ncha tu ya mlima wa barafu uliozama majini. Jaji Julie Robinson akamjibu hakuna mlima, kuna kijiti cha barafu, na kimetokana zaidi na watu kuchanganyikiwa na makosa ya ofisini. Sheria ikaenda na maji, na profesa akaamriwa arudi darasani masaa sita kwa jinsi alivyoendesha kesi.

39 upande mmoja, 31,089 upande wa pili. Hapo hata asiyejali kabisa habari za wahamiaji anatakiwa ajali kidogo. Kobach alishindwa ugavana mwaka huohuo, kwenye kampeni akizunguka na gari aina ya jeep limewekwa bunduki ya bandia juu, ila tangu 2023 ni mwanasheria mkuu wa Kansas. Siasa haina kustaafu.

Maine nayo inatuhusu sisi moja kwa moja kwa sababu Portland ya Maine imejaa watu wetu, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, pamoja na Waangola. Ni mji mdogo wenye baridi kali ambao ukisimama stendi ya basi hukosi kusikia Kiswahili. Wengi wanafika wakiwa wameomba hifadhi, asailamu kama tunavyosema wenyewe, na hapo kuna mtego wa kisheria. Sheria ya Washington inasema anayeomba hifadhi asubiri siku 150 baada ya kupeleka maombi ndo aombe kibali cha kazi, na kibali hakitoki kabla ya siku 180. Kwa miezi sita haruhusiwi kufanya kazi. Anakula nini? Maine ilikuwa na msaada wa dharura wa miji kwa mtu yeyote aliyekwama, vocha ya kodi na chakula.

Juni 2014, miezi mitano kabla ya uchaguzi wake wa pili, gavana Paul LePage akaiambia miji kwamba itakayoendelea kuwasaidia hao isitegemee kurudishiwa pesa na jimbo. Kisheria alikuwa na pa kusimama, sheria ya shirikisho ya 1996 inasema wa namna hiyo wasipewe msaada wa jimbo mpaka jimbo lenyewe litunge sheria ya kuruhusu. Portland ikaendelea kulipa toka mfukoni mwake. Kwahiyo mtu mmoja anaambiwa na Washington usifanye kazi, anaambiwa na gavana usisaidiwe, na kwenye kampeni anaitwa mvivu aliyefuata misaada. LePage akashinda kwa asilimia 48, waliompinga waligawana kura. Mwaka 2016 alienda mbali zaidi, akasema wanaoomba hifadhi wanaleta magonjwa, akataja homa ya ini, kifua kikuu, ukimwi, na nzi wa ziki. Alimaanisha virusi vya Zika, vinavyobebwa na mbu. Zika ni msitu Uganda karibu na Entebbe, pengine tungeomba walau jina letu litamkwe vizuri.

Ila Maine kuna raha yake. 2015 bunge lilipitisha sheria ya kuwaruhusu waomba hifadhi kupata ule msaada hadi miezi 24. LePage alitaka kuipinga, na gavana ana siku kumi za kurudisha mswada, yeye na mawakili wake wakahesabu vibaya wakidhani bunge limeshafungwa na saa imesimama. Saa ilikuwa inatembea. Miswada kadhaa ikawa sheria bila saini yake, huo ukiwemo, na mahakama ya juu ya Maine ikasema ndo hivo.

Sasa turudi Georgia kwenye pikapu yetu.

Wakati Kemp anatoa lile tangazo alikuwa ndiye katibu wa jimbo, yaani anasimamia uchaguzi ambao yeye mwenyewe anagombea. Ofisi yake ilikuwa na utaratibu wa jina kufanana herufi kwa herufi na lililoko kwenye kumbukumbu za leseni au za serikali kuu, kistari kikikosekana maombi yanakaa pembeni. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi yalikuwa yamekaa pembeni maombi kama 53,000, na karibu asilimia 70 ni ya watu weusi. Mwenye jina kama Abdulrahman ambalo karani mmoja kaliandika pamoja na mwingine kalitenganisha anaelewa hapo nasema nini. Ndani ya hao kulikuwa na zaidi ya 3,000 walioonekana kwenye kompyuta kuwa si raia, kwa sababu tu walichukua leseni enzi wana grinikadi, baadae wakala kiapo cha uraia, na ofisi ya leseni haina habari. Wa namna hiyo pale Clarkston, mji wa wakimbizi nje kidogo ya Atlanta, si wachache, kuna Wakongo na Wasomali na Warundi wa kutosha. Siku chache kabla ya kura jaji akaamuru waruhusiwe kupiga wakionyesha cheti cha uraia kituoni. Kwahiyo mwaka ule mtu wa Clarkston alisikia kwenye TV pikapu inakuja kuwabeba wahalifu, na kituoni akadaiwa cheti cha uraia ambacho jirani yake hadaiwi.

Na pikapu nayo ilipata mbadala. Kwa sheria ya 1996 jela ya kaunti inaweza kuingia mkataba na uhamiaji, askari wa sherifu wakafundishwa na kupewa kazi ya kukagua uraia wa kila anayeletwa, na uhamiaji wakimtaka mtu wanaomba ashikiliwe mpaka masaa 48 zaidi baada ya muda wake wa kutoka. Ile fomu ya kuomba hivyo inasainiwa na ofisa wa uhamiaji, haisainiwi na jaji. Kwenye kaunti ya Clackamas, Oregon, mwaka 2014 mahakama ilisema kumshikilia mtu kwa fomu ile peke yake ni kuvunja marekebisho ya nne ya katiba, yanayomlinda mtu asikamatwe bila sababu ya kutosha, na masherifu wengi wakaogopa kushtakiwa wakaacha. Sherifu anachaguliwa na wananchi, kwahiyo hili nalo likawa la kampeni, safari hii upande wa pili. Charlotte, North Carolina, Garry McFadden alishinda 2018 kwa kuahidi kuuvunja mkataba, akauvunja. Georgia kwenyewe mwaka 2020 kaunti mbili kubwa za Atlanta, Gwinnett na Cobb, zilichagua masherifu walioahidi hivohivo, Januari 2021 wakaifuta.

Februari 2024 mwanafunzi wa uuguzi akauawa Athens, Georgia, akakamatwa Mvenezuela aliyeingia bila makaratasi na baadae akahukumiwa maisha. Msiba mzito, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Tarehe 1 Mei Kemp akasaini sheria inayowataka masherifu wote wakague uraia wa wanaoingia jela, washirikiane na uhamiaji, waombe ile mikataba, na sherifu anayekataa kwa makusudi anakuwa ametenda kosa la jinai yeye.

Georgia kuendesha gari bila leseni ni kosa la kupelekwa jela ya kaunti, na asiye na makaratasi hapewi leseni. Taa ya nyuma ikiungua usiku unatoka kazini, polisi anawasha taa zake, anakuomba leseni. Huna, unapelekwa, zinachukuliwa alama za vidole. Sherifu wa Gwinnett aliyepigiwa kura 2020 ili huo ukaguzi uondoke, sheria ya 2024 inamtaka aurudishe.